Oili ya Mazda

Kila Jumamosi mzee mwenye Mazda aliingia katika duka la vipuri vya magari la Samiha, pale Port Reitz, Mombasa, akizungusha ufunguo kidoleni, akauliza kwa sauti ya taratibu: "Mwanangu, injini hii ya rotari yataka oili ya kawaida au sinthetiki?"

"Ya kawaida, baba. Injini hiyo huichoma oili, na ya kawaida yaungua vizuri zaidi."

Mzee alinunua galoni moja, kisha akakaa akizungumza hadi adhuhuri. Siku moja Samiha alimbebea galoni mpaka garini. Buti lilikuwa limejaa galoni ambazo hazijafunguliwa. Mzee akatazama chini.

"Nyumbani hapana mtu, mwanangu."

"Basi njoo tuzungumze tu, baba. Usinunue kitu."

"Inshallah," mzee akajibu, akifunga buti bila kumtazama.

Jumamosi iliyofuata Samiha alimwekea kiti mlangoni, lakini mzee hakuja tena.