Gramafoni ya Mama na Mwendo wa Gwaride

Mama yangu, askari magereza mstaafu, ana sahani moja tu ya santuri, na ameilinda kuliko alivyowahi kumlinda mfungwa yeyote. Imekaa kabatini kwake Namatala, Mbale, imefungwa kwa leso tatu. Ndani yake bendi ya askari magereza inapiga wimbo wa gwaride, na katikati ya wimbo marehemu baba yangu anapuliza tarumbeta peke yake. Gramafoni yetu ya zamani ilikufa kabla ya baba. Kwa hiyo pumzi ya mume wake ilikuwa kabatini, na mama hakuwa na njia ya kuisikia.

Krismasi iliyopita aliniambia, "Mwanangu, masikio yangu nayo yameanza kustaafu. Utaniletea gramafoni nikishakuwa kiziwi?"

Nikaanza kusaka. Mimi nakaa Kimaka na nauza vipuri vya baiskeli mjini Jinja, na nakwambia hakuna mlango ambao sikugonga. Hata wauza dawa niliwauliza. Mtandaoni niliona gramafoni mpya, bei ya ng'ombe na ndama wake. Mwisho nikaipata kwa mzee mmoja Mnubi, fundi redio kwenye baraza la duka la zamani la Wahindi. Ilikuwa ya sanduku, spika yake ndani, imezeeka vizuri kuliko mimi.

"Bei, mzee?"

"Bei ya mbuzi, bwana. Tena mbuzi aliyekonda."

"Mbona rahisi hivyo?"

"Mkanda umekufa. Sikufichi." Akaifungua. Ule mpira unaozungusha sahani ulikuwa umeyeyuka kama jamu. Akaweka sahani yake, akaizungusha kwa kidole, na kwenye spika akatoka mwimbaji mlevi kabisa. "Umesikia? Sindano nzima. Tafuta mkanda tu."

Mkanda! Mimi ninayeshinda katikati ya tyubu za baiskeli! "Niachie mimi, mzee. Nimesoma fizikia." Na nilisoma kweli, shule ya jioni, nikiwa baba wa watoto watatu. Cheti kiko ukutani, kikubwa kuliko dirisha.

Nikaipakata hadi Mbale kama mtoto mchanga. Mama alikuwa amevaa gomesi ya Jumapili, na ilikuwa Jumanne. Nikakata pete ya tyubu, nikaivisha, nikashusha sindano. Bendi nzima ikatoka mbio kama imeingiliwa na nyuki.

Mama akanitazama. "Hao wako kwenye gwaride au wanatoroka jela?"

"Mpira ni mnene, mama. Unanenepesha puli ya mota, kwa hiyo sahani inazunguka..."

"Fizikia baadaye. Punguza."

Nikakata nyembamba. Ikateleza, bendi ikaanza kujikokota. "Sasa wanamzika nani?" mama akauliza. Pete ya tatu ikakatika. Ya nne sitaki kuizungumzia. Jasho lilinitoka ndoo mbili. Nilipoinua kichwa nikaona mama ameanza kuifunga sahani yake kwenye leso ya kwanza, taratibu.

"Basi, mwanangu. Umejaribu."

Afadhali angenitukana. "Mama, ngoja. Huna lastiki nyembamba?"

Akafikiri, akaingia chumbani, akarudi na lastiki mkononi. "Usiulize imetoka kwenye nguo gani."

Nikaishona ncha kwa ncha, nikaivisha. Bendi ikapiga, lakini tungejuaje kama huo ndio mwendo wenyewe? Mama hakuuliza mtu. Alisimama, akabana visigino, akaanza kupiga gwaride kati ya kochi na meza, mikono ikipanda hadi begani, vikombe vikigongana kabatini. Kwa miaka yote ya kazi yake alitembea kwa wimbo huu uwanjani.

"Wanachelewa," alisema. "Mguu wangu unasubiri ngoma."

Nikafumua, nikashona, nikaikaza zaidi.

"Bado kidogo."

Nikakaza tena. Mguu wake ukatua, ngoma ikatua, vyote pamoja.

"Hapo hapo, afande! Usiguse!"

Alikuwa hajawahi kuniita afande maishani. Kisha tarumbeta ikaingia, na mama akasimama palepale kama aliyepewa amri. Baba akapanda, akapanda, na juu kabisa sauti ikampasuka, ikatoa mlio kama wa bata aliyekanyagwa. Nikajua ni lastiki yangu.

Mama akacheka hadi akakaa sakafuni. "Alikosea! Hapo hapo! Nilimwambia kila siku, akawa anasingizia gramafoni yetu kuwa mbovu! Ameondoka duniani akiapa hakukosea!" Akajifuta machozi kwa leso. "Rudisha."

Nikarudisha sindano. Baba akapanda, akapanda, akapasuka palepale.

"Si nilikwambia?" mama akaiambia spika, akasogea karibu nayo. "Rudisha tena."