Kisima cha Shangazi Kilipogeuka Kijani

Shangazi yangu wa Mtoni alikuwa amewaambia majirani wote kwamba chuoni nasomea kujenga madaraja. Sikumsahihisha. Wasichana darasani tulikuwa wawili tu, taifa lilikuwa changa na lilitaka wataalamu, na mie sikuona haja ya kumweleza mtu mzima kwamba muda wangu mwingi unaishia kwenye hesabu za kinyesi cha binadamu.

Likizo ya mwaka wa pili mwalimu wetu alimpa kila mwanafunzi kipakiti cha unga mwekundu. Unga ule haukuwa na madhara, ila ukikutana na maji ulikuwa unageuka kijani kikali. Kazi yetu ilikuwa kuumwaga kwenye choo cha shimo, kisha kuangalia visima vya karibu kwa siku kadhaa. Kijani kikitokea kisimani, basi ujue choo na kisima ni ndugu.

Niliona aibu kubisha hodi kwa watu nisiowajua na kuwaomba choo chao, nikachagua cha shangazi. Kisima chake kilikuwa uani hapo hapo, na mtaa mzima ulichota humo bure kwa sababu maji yake yalisifika kwa utamu. Shangazi alipokwenda sokoni, nikamwaga unga chooni, nikafuatisha ndoo mbili za maji, nikarudi barazani kukaa kama mtu asiyejua kitu.

Siku tatu sikuona lolote. Nilianza kuandika ripoti kwamba kisima ni salama, na moyoni nilifurahi.

Asubuhi ya siku ya nne, jirani yetu mmoja aliingia uani na sufuria ya uji mikononi. Uji ulikuwa wa kijani kama jani la mpapai.

"Shangazi yako yuko wapi? Mwambie kisima kimerogwa!"

Watu wakajaa. Mmoja akasema huo ni mkono wa mtu. Mwingine akasema si uchawi, ni dawa tumeteremshiwa, akakimbilia chupa nyumbani kwake. Mzee mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na macho alichota kwa kata, akanawa uso mara tatu, akatangaza kwamba sasa anaiona vizuri hata minazi ya mbali. Baada ya hapo foleni ikajipanga yenyewe.

Ndipo akafika balozi wa nyumba kumi, daftari kwapani.

"Ndugu zangu, tulieni. Nani anajua habari ya maji haya?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini yule mzee alikuwa tayari anaipeleka kata mdomoni.

"Shikamoo, balozi," nikasema. "Ni mie. Hiyo ni rangi ya chuo."

"Marahaba. Uliitia kisimani?"

"Hapana. Niliimwaga chooni."

Balozi akatazama choo. Akatazama kisima. Akatembea kutoka kimoja hadi kingine akihesabu hatua kwa sauti, na alipofika ya nane akawa amefika kisimani. Mzee akaiweka kata chini taratibu, akajifuta uso kwa pindo la kanzu. Jirani akautazama uji wake.

Shangazi akapenya katikati ya watu. "Kwa hiyo miaka yote hii..."

"Ndiyo, shangazi."

"Na ule utamu?"



Siku mbili chakula alinipa, ila alikiweka mbele yangu kama anamwekea mpangaji. Siku ya tatu akaniambia balozi amewaita watu wachimbe kisima kipya kwa kujitegemea. "Na wewe uliyetuharibia hiki, twende ukatuonyeshe pa kuchimba."

Nikaenda na futikamba. Nilipima umbali kutoka kila choo cha jirani, nikarudia tena, na bado ni mahali pamoja tu palipofaa: katikati ya tuta la bamia la balozi.

"Sogeza kidogo huku," akasema.

"Huko kuna choo chako, balozi."

Watu walisimama na majembe yao, wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mie. Nikachukua kigingi, nikakipigilia palepale kwenye bamia.

Balozi akaguna. Halafu akainama, akaanza kuchuma bamia zake moja moja kabla jembe la kwanza halijashuka, na shangazi akatandaza kanga yake kuzipokea.