Tandu Ndani ya Sweta

Nacheka sasa, lakini nawaambia kweli, kwa miaka mingi nilikuwa nikizunguka njia ya mbali ili nisipite mbele ya holi ya Kaloleni, kwa aibu ya niliyoyafanya mle ndani siku ya maonyesho ya sayansi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa kidato cha tatu.

Wenzangu walileta volkano za udongo na redio za kuunga wenyewe. Mimi nilileta tandu. (Sisi wa Majengo tandu tulikuwa nao bure, ukiinua jiwe lolote la bafuni unamkuta.) Nilikuwa nimempitisha juu ya karatasi iliyopakwa masizi ya koroboi, nikaona mguu wa nyuma unakanyaga palepale ulipotoka wa mbele, na jambo hilo likanipa wazimu, nikaandika kwa wino mwekundu kwamba daktari ataitaka sumu yake atafute dawa ya maumivu, mkulima atamtaka amlie wadudu shambani, na fundi ataitaka miguu yake aunde gari la kupita penye mawe. (Siku hizi nayaona kwenye televisheni, mashine za miguu mingi zikipanda vifusi, na wanangu wamechoka kusikia kwamba mama yao alishasema.) Mwalimu wangu wa bayolojia alinionya kuwa mshindi ni mmoja tu, ndiye atakayekwenda mashindano ya mkoa, na roho yangu yote ilikuwa huko.

Sasa, ilikuwa Julai, na mnaijua Julai ya Nairobi. Asubuhi nikamkuta tandu wangu amejikunja koponi, hatikisiki, baridi imemmaliza. Tandu asiyetembea ni maonyesho gani hayo? Nikaamua (uamuzi mdogo tu, jamani) kumpasha joto, nikalitia kopo ndani ya sweta, tumboni, nikatembea nalo hivyo kutoka Majengo hadi Kaloleni, kifuniko chake kitambaa tu nilichofunga kwa uzi.

Joto lilimkolea. Zamu yangu ilipofika, majaji wamesimama mbele ya meza, mmoja wao fundi mzee wa reli mwenye miwani, na mama na majirani zetu wamejaa viti vya nyuma, nikafungua kopo. Tupu. Ningesema ukweli, yangeishia hapo. Lakini nikaanza kueleza habari za miguu, huku nikihisi kitu kinanipanda mgongoni.

"Miguu haiendi yote pamoja," nikasema, "inakwenda kama wimbi, inaanzia... inaanzia hapa kiunoni..."

"Kiunoni kwa nani?" akauliza mzee wa reli.

Hapo tandu akaniuma bega. Nikapiga yowe, nikavua sweta na shati kwa mkupuo mmoja, nikavirusha, vikamwangukia mgeni rasmi usoni, na mimi nimebaki na sidiria mbele ya shule nne nzima.

"Oyaa, cheki! Manzi anachojoa!" wavulana wakapiga kelele.

Mgeni rasmi akazitupa zile nguo chini, tandu akatoka, naye mgeni akamkanyaga kwa kiatu mara tatu. Safari yangu ya mkoa ikafia pale sakafuni.

Kabla sijajua nijifiche wapi, leso ikanifunika kichwa hadi magoti. Mama alikuwa ameruka viti. "Mnatazama nini?" akawafokea. "Hamna dada nyumbani?"

Volkano ndiyo iliyokwenda mkoa. Nililia njia nzima, bega limevimba, nimejitanda leso ya mama.

"Usilie, Zuhura," akaniambia. "Nitakushikia mwingine."

Niliapa tangu siku ile kwamba mdudu akiona baridi, na aione. Lakini mama, Mungu amrehemu, ambaye kila alipomwona tandu alikuwa akirukia kitandani na viatu vyake, asubuhi yake alinishikia kweli, kwa koleo la makaa. Mashindano yalikuwa yamekwisha, na sikuwa na moyo wa kumwambia.