Maziwa Yasiyoenguliwa

Rangi ya maziwa ilikuwa kazi ya Mayu, mama yangu. Baba alichunga ng'ombe na kukamua. Mayu ndiye aliyegandisha maziwa, akachuja mgando, akausaga pamoja na chokaa na udongo mwekundu hadi ukawa uji mzito wa kupaka ukutani. Baada ya mauzo ya pamba, watu wa upande wetu wa Bariadi walijaa uani kwetu na ndoo zao. Siku hizi wanakimbilia rangi ya dukani. Haya, wakimbilie.

Mayu alifariki mwaka juzi. Ibada ya mazishi ilifanyika kwenye kanisa letu la kigango, na Baba alikaa benchi la mbele akiutazama ukuta uliobabuka. Hakulia. Tulipotoka aliniambia jambo moja tu: ukuta ule lazima upakwe rangi ya mama yako. Tangu siku hiyo hakuwa na lingine. Aliwasumbua wazee wa kanisa mpaka wakachoka, wakamwambia basi, mzee, paka kabla ya Pasaka. Ikiharibika tutapaka ya dukani.

Mimi nimeolewa Nyashimo. Nilifika Jumamosi, mkesha wa Pasaka, Baba ameshamaliza kupaka siku nyingi. Nilipofungua mlango wa kanisa harufu ikanipiga puani. Nikagusa ukuta, mafuta yakabaki kidoleni. Bado ulikuwa unanata, na nzi wameujaa. Nzi kanisani, jamani!

"Baba, maziwa uliyaengua?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Niyaengue? Nimpelekee Mungu makombo?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni unayemheshimu humpi maziwa yaliyotolewa mafuta. Ukimpa mkwe, atayasimulia mpaka anaingia kaburini. Baba alikuwa amechagua ng'ombe wake wazuri, akakamua mwenyewe, akayapeleka maziwa na mafuta yake yote. Lakini rangi ya maziwa haijui heshima. Inataka maziwa yaliyoenguliwa mpaka yawe mepesi kama maji. Mafuta yakibaki haishiki, inaoza. Mayu alinifundisha hilo nikiwa mdogo. Wasichana tulifundishwa. Wanaume walikuwa malishoni. Nikajisemea, kweli ng'ombe wa maskini hazai.

Nilimweleza taratibu. Hakubisha. Alichukua jembe akaanza kukwangua ukuta, chokaa ikimmwagikia usoni. Nilimwendea mwenyekiti wa kigango, nikamsihi anipe nafasi nichanganye nyingine, sasa hivi, kama Mayu alivyochanganya. Ni mtu mpole, simlaumu. "Mama, kesho ni Pasaka," alisema. "Maziwa yenyewe hayajaganda." Na kweli, ningefanya nini? Vijana wakaja na ndoo za rangi ya dukani. Jioni ukuta ulikuwa mweupe pe, kama wa zahanati.

Baba alikaa kwenye ngazi ya nje. Nilimletea maji, hakuyanywa.

"Kwa hiyo yale mafuta aliyokuwa anayatoa mama yako," alisema, "ilikuwa kwa ajili ya rangi?"

"Ndiyo, Baba. Ilikuwa lazima ayatoe."

"Mimi nilijua anaiba samli. Anawapelekea ndugu zake."

Ndani vijana walikuwa wanacheka huku wakirudisha mabenchi.

"Nilimpiga kwa ajili ya mafuta hayo," alisema. "Wewe ukiwa mgongoni kwake. Nilimpiga mpaka majirani wakaja."

Nilishikwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Mtu mwenyewe alikuwa mzee, ana chokaa kwenye nyusi. Nikamuuliza, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, kama Mayu hakumweleza siku ile.

Alijipangusa uso kwa kiganja.

"Alinieleza," alisema.