Moshi Mweupe wa Fundi Safi

Jumanne, tarehe 14 Agosti. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu yameshuka mpaka karibu na mabati, upepo hakuna.

Fundi Safi alianza zamu yake akipiga mluzi. Kazi yake ilikuwa kulisha makaa boila, tanuri la mvuke la kiwanda cha vitambaa, na jina hilo alipewa na majirani. Zamani bomba la kiwanda lilitoa moshi mweusi tii, ukianika shuka unaanua tambara la jikoni. Kisha kiwanda kikaanza kuchanganya makaa ya mawe na tope la rangi, lile linalobaki kwenye mabwawa ya maji machafu. Moshi ukageuka mweupe. Majirani hawakuwa na habari za tope. Walijua tu nani anashika beleshi. Wakammwagia sifa, naye akazipokea zote bila kurudisha chenji.

Mtaani ukaingia mtindo: moshi mweusi, madirisha yanafungwa, moshi mweupe, yanaachwa wazi. Aliyeufuata kuliko wote ni dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule mwenye pumu, ambaye nyumba yake imepakana na ukuta wa kiwanda. Fundi Safi mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Fungua dada, upate hewa."

Siku hiyo alikuja mama mmoja mpimaji wa hewa, kofia ngumu ikimcheza kichwani. Aliingiza mrija kwenye bomba, akakaa akitazama namba za kifaa chake.

"Leo utaondoka mikono mitupu, mama," Fundi Safi akamtania. "Moshi wenyewe kama pamba."

"Nani kakwambia weupe ni usafi?"

"Macho yangu."

"Macho yanaona masizi. Tindikali hayaioni." Akamgeuzia kifaa. "Tope lenu lina chumvi ya kutilia rangi. Likiungua linatoa tindikali, inashikana na unyevu, ndio weupe huo. Salfa nayo iko juu. Na mmelichoma likiwa bichi, moto umepoa, moshi hauna nguvu ya kupanda. Unashuka hapo hapo."

"Na makaa matupu?"

"Nayo si manukato. Lakini kwa siku isiyo na upepo kama leo, heri hayo."

Fundi Safi alichungulia ng'ambo ya ukuta. Madirisha yote ya dada yake yalikuwa wazi. Siku za mvua ndizo kifua kilipombana dada zaidi, na siku zote walilaumu baridi.

Alimfuata msimamizi, akamwomba tope lisubiri likauke.

"Bwawa limejaa," msimamizi akajibu. "Likae wapi, chumbani kwangu? Ripoti ikija tutaisoma. Wewe endelea."

Akaendelea. Kila beleshi la tope alilitupa ndani huku akitazama ukuta, na mluzi haukurudi tena.

Jioni alimkuta dada yake kwenye cherehani, dawa yake ya kuvuta imelala kati ya pini na chaki.

"Karibu, Fundi Safi. Leo umetutendea haki, nimefungua mpaka dirisha la jikoni." Sentensi ilimkatikia njiani, akapumzika, akaimalizia.

Fundi Safi hakukaa. Alipita akifunga dirisha moja moja.

"Unanikausha kama samaki, mdogo wangu?"

"Dada, mweupe ndio mbaya." Akamweleza yote, la tope na la tindikali, akiwa bado ameshika komeo.

Mguu wa dada ulitoka kwenye pedeli. "Na wewe ndiye uliyeniambia nifungue."

"Ndiyo, dada."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Sikuuliza pia. Sifa zilikuwa tamu."

Dada alikata uzi kwa meno, akakunja sare aliyokuwa akishona. "Mimi umeniambia. Wenye watoto wachanga huko nyuma je? Kawaambie kwa mdomo uleule uliopokelea sifa."

Kesho yake asubuhi, kabla ya zamu, Fundi Safi aligonga mlango wa jirani wa kwanza. "Moshi ukiwa mweupe, fungeni," alisema. Jirani akacheka, akamuuliza kama ameota vibaya. Akarudia maneno yaleyale, akasubiri mpaka kicheko kikaisha, kisha akaenda mlango wa pili. Alipomaliza mtaa aliingia getini, akamwambia msimamizi kwamba tope bichi halitapita tena kwenye beleshi lake, akaanza kupakia makaa matupu.