Mizizi ya Gobo kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa hali chakula nyumbani kwangu. Si kwamba ananichukia, ni adabu. Alilelewa Karagwe, upande wa Tanzania, na wazee waliomfunza kwamba mama hafungui kinywa mbele ya mume wa binti yake, wala hagusi sahani chini ya paa lake. Siku hizi wengi wameyaacha mambo hayo. Yeye hakuyaacha. Chai alikunywa, maji alikunywa, dawa alimeza, kwa kuwa kwa mahesabu yake hivyo si chakula. Kila alipokuja kututembelea kwetu Rebero akitokea kwake Ndera, upande wa pili wa mji, mke wangu alipeleka sufuria kwa jirani, mama akaenda kula huko, kisha akarudi kwangu akifuta midomo. Mchele wangu, mkaa wangu. Mimi ni fundi cherehani, wateja wenye masharti nimewazoea.

Kisha akaugua mapafu. Alipotoka hospitali tulimleta kwetu, maana mtoto aliyebaki naye ni mke wangu tu. Daktari alituandikia vidonge, akasema vimezwe baada ya kula, na ale kweli kweli, la sivyo atarudi kulazwa. Sasa kula wapi? Kwa jirani hawezi kufika, hata mlangoni anashikwa mkono. Tukamwomba jirani alete chakula yeye mwenyewe. Mama akamuuliza kimepikwa wapi. Yule jirani ni mkweli kupita kiasi. Akajibu, "Iko ya hapa hapa, mama, mimi nimebeba tu." Sahani ikarudi ilivyokuja.

Nikajitolea kuhamia kibandani ninaposhonea, Remera, nilale juu ya mafurushi ya vitambaa, ili nyumba isiwe yangu kwa muda. Jibu lililetwa na mke wangu: mama anashukuru, lakini paa halijui kama mwenyewe ametoka.

Basi akawa anameza vidonge kwa chai, anavitapika. Mke wangu akaniletea gauni la mama nilipunguze kiunoni. Nikapunguza. Haukupita muda akaniletea gauni lile lile nilipunguze tena. Hapo niliogopa, wallahi. Nilikaa na lile gauni mapajani, mashine imezimwa, nikaona kwamba yule mama atakufa kwa heshima ndani ya nyumba yangu, na mke wangu atanitazama kwa jicho la lawama maisha yake yote.

Nyuma ya nyumba nilikuwa na magunia ya gobo. Mbegu nilipewa na mteja wangu Mjapani aliyefurahia gauni lake la kitenge. Ni mmea wenye majani mapana kama ya magimbi, na mzizi wa kahawia, mwembamba, unaoshuka ardhini kama fimbo. Kwao ni mboga, na wengine huukausha wakaunywa kama chai ya dawa. Udongo wangu wa Rebero ni mawe matupu, kwa hiyo nilipanda kwenye magunia marefu. Siku ya kuvuna unapasua gunia kwa kisu, udongo unamwagika, unaokota mizizi. Ukiuacha mmea mpaka mwaka wa pili unatoa vichwa vya kulabu vinavyong'ang'ania kila nguo inayopita. Mke wangu alikuwa akiuliza ni fundi gani mwenye akili timamu anayepanda kitu kama hicho.

Nilimpigia daktari simu, nikauliza kama mama anaweza kupewa mizizi. Akauliza kama watu wanaila. Nikasema Wajapani wanaila kila siku. Akasema basi ale, na vidonge visiachwe.

Nikapasua gunia la kwanza. Gobo haimenywi, inasuguliwa tu kwa mgongo wa kisu, maana ladha iko karibu na ganda. Ukiikata na kuiloweka, maji yanageuka rangi ya chai. Mke wangu akaichemsha pamoja na mifupa ya ng'ombe mpaka mchuzi ukawa mzito, akaumimina kwenye kikombe. Kikombe, si bakuli. Mimi nikasimama nje ya pazia la chumba cha mama, kama inavyotakiwa.

"Mama, kuna dawa ya mizizi."

"Ya nani?"

"Ya Wajapani."

"Ni chungu?"

"Si chungu sana."

"Sasa itasaidia nini?"

Hapo nilipandwa na hasira. "Mama, kunywa kwanza! Uchungu tutautafuta baadaye!"

Mke wangu akanifinya mkono. Ndani ikasikika sauti, sikujua ni kikohozi au ni kicheko. Lakini kikombe kilirudi kitupu, na vidonge vya siku ile vikakaa tumboni. Alhamdulillah.

Kesho yake nikatangaza, nikiwa pale pale nje, kwamba dawa hii nguvu yake iko kwenye kutafuna, kwa hiyo vipande vimeachwa ndani. Akatafuna. Baadaye nikaeleza kwamba mizizi mitupu inakwaruza tumbo, inahitaji viazi vya kuilainisha. Akakubali viazi. Nyama niliileta kwa hoja kwamba dawa ya Wajapani haifanyi kazi bila damu. Sijui niliitoa wapi. Mke wangu alikuwa akinisikiliza jikoni huku ameziba mdomo kwa kanga. Kikombe tulishakiacha, sasa ilikuwa sahani, na mama hakuuliza dawa gani hii inayoliwa kwa uma. Akaanza kukaa kitandani bila kuegemea. Gauni sikuletewa tena.

Kisha gobo ikaisha. Gunia la mwisho lilikuwa na mizizi myembamba kama penseli, tukaimaliza. Mbegu nilizopanda upya zilikuwa ndiyo kwanza zinachomoza. Mke wangu akapika viazi na nyama, akasema mpelekee, sema ni ile ile. Nilikubali. Njiani nikajiona mjinga: yule mama amepika kabla sijazaliwa, nitamdanganya na viazi?

Nikaipitisha sahani chini ya pazia, nikabaki nje.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Ya leo haina mzizi."

Ningeweza kusema umeyeyuka. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa nimechoka kumlisha yule mama kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

"Imeisha, mama. Hiki ni chakula. Nakuomba ule. Nakuomba sana, tutakupoteza."

Mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Na wewe umekula?" akauliza mama.

"Bado."

"Chukua sahani yako uje. Mimi si mgonjwa wa kuachwa nile peke yangu."

Nikaingia nikitazama sakafu, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilikuwa sijawahi kumwona akitafuna, na wala sikumwangalia. Viazi vilikuwa vimeungua kidogo upande mmoja, tukavila hivyo hivyo. Akamaliza sahani yake kabla yangu, akamuuliza binti yake kama chakula kimebaki.