Wimbo wa Karibu na Tundu

Santuri ina tundu katikati, hilo kila aliyewahi kuishika analijua. Wasilolijua wengi ni kwamba wimbo mtamu unakaa karibu na lile tundu, mwisho kabisa, pale ambapo sindano ikifika watu wameshainuka kwenda kutafuta chai. Mimi nililijua bila kufundishwa. Shule nimeishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikimbia mahindi yalipoanza kubeba, kwa sababu nyumbani kulikuwa na nyani na mwalimu hakuwa na dawa ya nyani.

Nililijulia kwenye shamba la mkonge, upande wa Korogwe, nilipokuwa kijana wa korona. Korona ni ile mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu. Inanguruma, inapiga mluzi, inasaga meno, na ukishasimama mbele yake msimu mzima, muziki wa taratibu unauona kama mtu anakunong'oneza uongo. Fundi mkuu wa ile mashine alikuwa Mgiriki, mfupi, mwenye hasira. Aliporudi kwao aliacha viatu, mbwa, na gramafoni na santuri zake za magitaa, muziki ambao siku hizi vijana wanauita roki. Viatu alichukua msimamizi wetu. Mbwa hakumtaka mtu yeyote. Gramafoni nikabaki nayo mimi, maana wenzangu walisema ile si ngoma, ni korona nyingine imefungiwa kwenye sanduku. Nikawaambia ndiyo maana naitaka.

Sasa yule Mgiriki alikuwa kama watu wote, alipenda wimbo wa kwanza. Kwenye kila santuri wimbo wa kwanza ulikuwa umechakaa kabisa, sindano ikiingia inarukaruka kama mbuzi kwenye mwamba. Kwa hiyo mimi sikuchagua. Niliusikiliza wa mwisho kwa kuwa ndio uliokuwa mzima. Kumbe ndio wenye nyama. Kwenye wimbo wa kwanza wale vijana wa kizungu wanajipendekeza, kama mgombea anayeanza kampeni. Wakifika karibu na tundu wameshajua kwamba hakuna anayewasikiliza, basi wanapiga wanavyojisikia.

Uko mmoja ulionikaa. Jina lake silijui, wala jina la bendi, kwa sababu jalada lililiwa na mchwa, na mchwa waliosoma yale maandishi hawakuniambia. Unaanza na gitaa moja peke yake, polepole, kama mtu anatafuta ndala gizani. Halafu ngoma. Halafu kuna mtu anaimba maneno machache ya Kiingereza, ambacho mimi sikijui. Mke wangu alisema tangu siku ya kwanza kwamba yule mtu anaomba maji na hapewi. Kisha linakuja gitaa lenyewe, na hapo, nakuambia, ni korona inameza jani bichi. Mwishoni vyote vinanyamaza, linabaki lile gitaa la mwanzo, linavuma kidogo, linakwisha. Mke wangu huo mwisho hakuwahi kuufikia. Kila mara ulipokaribia, anakumbuka chungu jikoni.

Na chungu ndicho kilichoniponza. Nilipohamia Misima kulima, gramafoni ilikufa kwa vumbi la njiani, lakini santuri ile nikaitunza. Siku moja natoka shamba naikuta imefunika maharage. Nilipouliza, mke wangu akajibu kwamba ni duara, ni bapa, na ina tundu la kupitishia mvuke, nimtajie mfuniko bora kuliko huo. Mvuke ukaikunja kama sikio la tembo. Sikugombana naye. Maharage yalikuwa mazuri.

Basi tangu hapo ule wimbo ukabaki kichwani mwangu tu, na kichwa cha mzee si mahali pa kuhifadhi kitu.

Sasa nije kwenye redio. Hapa kwetu tunashika redio moja ndogo ya Korogwe, iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ndiye mwenye redio, kwa hiyo hata taarifa ya habari inaanza na mabati. Nyumbani haishiki vizuri. Inabidi nipande kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, na ile redio yangu ndogo yenye tochi, niinyanyue kidogo kuelekea milimani. Asubuhi wanasoma matangazo ya vifo na ng'ombe waliopotea, kwa sauti ileile moja, hata usipokuwa makini unaweza kumpa mtu pole ya ndama. Mchana wanaingia wachambuzi wa mpira. Hao wanachambua mechi kwa muda mrefu kuliko mechi yenyewe, na mmoja wao, namjua, tangu utoto hajawahi kupiga mpira ukaenda alikotaka.

Lakini Jumamosi saa kumi kulikuwa na kipindi cha roki. Mtangazaji alikuwa kijana aliyesoma Dar, anayeongea kama anafukuzwa, ila moyo wake safi. Na hakupiga zile nyimbo za kwanza. Alipiga zilizosahaulika, za katikati na za mwisho. Siku ya kwanza kumsikia nilikaa pale kichuguuni mpaka siafu wakanigundua.

Nikampigia simu. Akanisalimu shikamoo mzee wangu, akaniuliza nataka wimbo gani. Nikamwambia jina sina, ila wimbo ninao wote kichwani. Nikampigia lile gitaa kwa mdomo, lote, na ngoma nikapiga kifuani. Sikujua kwamba tuko hewani. Wiki nzima Misima nikipita watu wananipigia gitaa kwa mdomo, hadi imamu, ambaye alijifanya anakohoa. Lakini kijana wa watu alitafuta huko kwenye mitandao yake, na kabla ya Jumamosi iliyofuata akanijulisha kwamba ameupata.

Kuupata na kuupiga ni mambo mawili. Jumamosi hiyo wachambuzi hawakumaliza. Jumamosi ya pili kiongozi mmoja alikuja kufungua kisima, na hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko kamba ya hicho kisima. Halafu kulikuwa na yule mama wa Lutindi.

Huyu mama sijawahi kumwona. Anaishi huko milimani, alikulia jirani na misheni ya zamani, na kwa ajili hiyo anapenda roki yenye kinanda. Kila Jumamosi anapiga simu kuomba wimbo wa kinanda, mrefu kama mahubiri, na kila mara anaongeza neno juu yangu. Alisema hewani kwamba lile gitaa la mzee wa Misima linamkumbusha mtu anayeburuta kitanda. Nikapiga simu na mimi nikasema kinanda chake kinafaa kumlaza ng'ombe mgonjwa. Akajibu wiki iliyofuata kwamba ng'ombe angalau wana masikio. Tukaendelea hivyo miezi.

Siku moja mtangazaji akanipigia mwenyewe, mchana, sauti yake imepoa.

"Mzee wangu, bosi anakiondoa kipindi. Anasema kina wasikilizaji wawili, na hao wawili wanatukanana."

Nikamuuliza wimbo wangu je. Akasema Jumamosi hii ndiyo ya mwisho, na bosi atakuwa studio anasikiliza simu. Zikiingia nyingi, kipindi kitabaki, zisipoingia, saa kumi itakuwa ya mabati. Wimbo ataupiga vyovyote, lakini baada ya hapo ndiyo basi.

Nikajisemea, mara moja hainitoshi. Nimeusubiri tangu maharage.

Nikaenda mashine ya kusaga, nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikasimama nje ya msikiti baada ya swala. Nikawaomba watu kitu kimoja: Jumamosi saa kumi mpige simu redioni, mseme mnautaka wimbo wa mzee. Walikubali upesi kuliko nilivyozoea watu wa hapa kukubali jambo. Mwenyekiti aliahidi kupiga yeye mwenyewe, kwa niaba ya serikali ya kijiji. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Nilitaja wimbo, nikasahau watu wetu wanapiga simu redioni kwa ajili ya nini.

Huku kwetu mtu akipata redio, anasalimia. Na salamu za redio si mchezo. Ukimtaja shemeji ukamwacha mjomba, umemtukana mjomba mbele ya wilaya nzima. Nimewahi kuona ndoa ikiyumba kwa sababu mtu aliwasalimia wakwe zake akaanza na mdogo.

Jumamosi ikafika. Nipo kichuguuni, mke wangu chini anachambua kunde. Mtangazaji akaukaribisha wimbo kwa heshima zote, lile gitaa likaanza kutafuta ndala zake gizani, na simu ya kwanza ikaingia. Akapunguza sauti ya wimbo kumpisha mtu. Alikuwa jirani yangu. Akasema anaomba wimbo wa mzee, na kwa kuwa yuko hewani, awasalimie wazazi wake, wakwe zake, wote wa kwenye mashine ya kusaga, na binamu yake aliyeko Makuyuni ambaye hapokei simu. Akafuata mwingine. Mwenyekiti akawasalimia wajumbe mmoja baada ya mwingine, kwa vyeo, kisha akakumbusha kuhusu uchimbaji wa vyoo. Mmasai mmoja akaomba wimbo, akasalimia boma lake, halafu boma la kaka yake, halafu akaomba radhi kwamba mifugo hataitaja majina, ni mingi. Jirani yangu wa kwanza akapiga tena mbio, amemsahau mjomba.

Huko chini ya salamu wimbo wangu ulikuwa unapita kama maji chini ya daraja lenye mnada. Nilisikia ngoma kati ya shangazi na mama mdogo. Korona ilipoanza kumeza jani, mtu alikuwa anamtakia mwenzake hedhi, hapana, heri, ulimi wake nao ulikuwa umechoka. Saa ikaisha.

Bosi alifurahi mno. Simu hazijawahi kuingia kiasi kile tangu redio ifunguliwe. Kipindi kikabaki, kikaitwa Roki na Salamu, mabati yakakidhamini, na mtangazaji akaambiwa asiongee sana kuhusu muziki. Watu wa Misima wakanipongeza njiani. Wakaniambia mzee umetuletea jambo la maana. Na kweli kila Jumamosi wimbo wangu unapigwa, mara nyingine hata mara mbili, kwa sababu wote wanauomba kabla ya kuanza kusalimia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia. Wala mimi. Nilijifunza kuvizia: mtu akikohoa napata kipande cha gitaa, mtu akitafuta jina la shemeji napata ngoma. Kwa njia hiyo nilikusanya karibu nusu ya wimbo kwa msimu mmoja wa kulima, kama kuku anavyokusanya mtama.

Yule mtangazaji nilimwonea huruma. Nilimpigia nikamwambia aukatae mchezo huo, yeye ndiye mwenye mitambo. Akaniambia, mzee, ukimkata mtu katikati ya salamu, aliyekuwa hajatajwa atanilaumu mimi. Nikamwelewa.

Mama wa Lutindi alikuwa amenyamaza muda wote huo. Nikadhani amekasirika, au ameugua, na nitakuambia ukweli, nilikuwa namkumbuka. Kutukanwa na mtu anayeusikiliza muziki ni afadhali kuliko kusifiwa na kijiji.

Ikawa Jumamosi moja, mvua imetoka kunyesha, mawimbi yanashika vizuri. Gitaa limeanza kutafuta ndala. Simu ikaingia, na nikaijua ile sauti kabla hajamaliza kuitikia shikamoo ya kijana.

"Marahaba, mwanangu. Wimbo ni huohuo wa yule mzee mbishi wa Misima. Si kwamba ni mzuri. Nimechoka kuusikia vipande."

Mtangazaji akamuuliza, mama, na salamu kwa nani?

"Nawasalimu wote watakaonyamaza mpaka wimbo uishe. Atakayepiga simu kabla haujaisha, huyo sijamsalimu, na watu wote wamjue."

Akakata.

Mtangazaji naye akanyamaza. Wimbo ukapanda sauti ukarudi mwanzo, nadhani kijana aliurudisha kwa makusudi. Nikasubiri simu. Haikuingia. Nani angethubutu? Upande wa mashine ya kusaga, ambako redio zote hufunguliwa kwa pamoja, nilisikia gitaa langu likitoka huko pia, na hakuna sauti ya mtu juu yake. Mwenyekiti alikuwa anapita njiani na simu mkononi. Alisimama, akaitazama, akairudisha mfukoni taratibu kama mtu anayerudisha yai kiotani.

Ngoma ikaingia. Yule mtu akaimba maneno yake machache. Korona ikameza jani bichi, jani lote, mpaka shina. Chini ya kichuguu mke wangu alikuwa na kunde mkononi. Aligeukia jikoni, chungu kilikuwa kinatokota kwa sauti, akanyanyuka nusu, halafu akakaa tena. Vyote vikanyamaza. Lile gitaa la mwanzo likabaki peke yake, likavuma kidogo, likakwisha.

Halafu simu zikafurika, kila mtu anathibitisha kwamba amesalimiwa.

Mke wangu akakung'uta maganda ya kunde kwenye kanga.

"Kumbe mwishoni alipewa maji," akasema, akaenda kuangalia chungu.

Sikumbishia.